Nani Kaacha Geti Wazi

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alipima ardhi mpaka alipostaafu, na kazi hiyo ilimwachia ugonjwa mmoja: aliamini kwamba ukishachora mstari, vitu vyote vitautii. Mtaani anaitwa Bwana Nasaba. Jina hilo nilimpa mimi kwa dhihaka, likanata, naye akalipenda kwa sababu hakugundua kwamba anachekwa. Ndivyo alivyo. Mtukane kwa lugha ya kistaarabu na atakukaribisha chai.

Wenzake waliostaafu naye walifuga kuku, wengine wakakaa nyumbani kugombana na wajukuu. Yeye aliona hayo ni mambo ya watu wadogo. Aliagiza mbwa, dume na jike, wakaja kwa ndege kila mmoja ndani ya kizimba chake, naye akaenda kuwapokea amevaa suti. Dada yangu alipotoka hospitali na watoto wake, mara zote tatu, niliyekwenda kumchukua ni mimi. Suti haikutoka kabatini.

Mbwa hao wanaitwa Waimarana. Ukikosea kulitamka jina, Bwana Nasaba anakusimamisha njiani mpaka ulipatie, kwa hiyo mtaa mzima ulikubaliana kuwaita mbwa wa majivu. Na kweli ni wa majivu, kijivu kitupu kuanzia utosini hadi mkiani, manyoya mafupi yaliyobana mwili kama soksi, miguu mirefu, na macho ya kaharabu, manjano iliyoiva, yanayokutazama kana kwamba umeingia bila hodi. Dume alimwita Jenerali, jike akamwita Malkia. Dada, ambaye ndiye aliyewalisha, akawaogesha na kupiga deki banda lao kila asubuhi, hakuulizwa kuhusu majina.

Sebuleni mwao picha za watoto zilihamishwa ukutani zikawekwa juu ya friji, na mahali pake pakatundikwa ukoo wa Malkia: mama yake, bibi yake, babu yake aliyeshinda vikombe. Bwana Nasaba aliweza kukutajia wazazi wa mbwa yule mpaka ukasinzia. Muulize habari za mama yake mzazi, aliyemfia angali mdogo, atakwambia alikuwa mwanamke mwema. Alifanana na nani, ndugu zake ni akina nani, hajui. Upande mzima wa ukoo wake hajawahi kuuona hata kwenye picha, na halikumsumbua hilo hata siku moja.

Saluni yangu inatazamana na geti lake. Ninaposuka huwa nimeelekea nje, hivyo hakuna lililonipita. Naye akiona wateja wamekaa vichwa vimeinamishwa, nywele zimesukwa nusu, hawawezi kukimbia, huvuka barabara kuja kutoa somo.

“Hiki si kijivu hivi hivi, shemeji,” alikuwa akianza. “Ni kahawia iliyozimuliwa. Mbwa lazima aurithi ukahawia kwa baba na kwa mama, halafu aurithi na ule uzimuaji kwa baba na kwa mama. Upande mmoja ukikosa kutoa, kijivu hiki hupati ng'o.”

“Kwani ni rangi ya ukuta?” mteja mmoja aliwahi kumuuliza kutoka chini ya mikono yangu.

“Mama, sikiliza. Rangi hii inadai kila kitu kutoka pande zote mbili, kwa hiyo hakuna kinachobaki kimejificha. Kijivu kwa kijivu huzaa kijivu. Milele. Damu safi haina siri.”

Kuhusu rangi alikuwa sahihi. Naliandika hilo huku meno yananiuma, lakini alikuwa sahihi. Ubaya wa mtu wa aina yake ni kwamba akipatia jambo moja, analigeuza ufunguo wa kila mlango. Kijivu kwa kijivu ni kijivu, basi na fupi kwa fupi ni fupi, na macho meusi kwa macho meusi ni macho meusi, kwisha kazi.

Siku moja mkandarasi mmoja alimleta dume lake la Waimarana ili limpande Malkia. Dume zuri sana, ila kijivu chake kilielekea bluu, kama bati jipya. Bwana Nasaba alimzuia nje ya geti utadhani kaleta kipindupindu. “Huyo ni mweusi aliyezimuliwa!” alifoka. “Weusi una nguvu. Ukiingia kwenye uzao, unatokeza hapo hapo. Ondoa, ondoa!” Mkandarasi aliondoka anacheka, na mbwa wake akaikojolea nguzo ya geti kabla ya kupanda gari. Nilimpenda sana mbwa yule.

Hata hiyo elimu yake aliipata kwa kuparamia. Malkia alipozaa mara ya kwanza, vilebu walitoka na michirizi mwili mzima kama paka wa jikoni. Bwana Nasaba alishika kichwa akalia, machozi kabisa, akawapigia simu jamaa zake wote kuwaambia ametapeliwa. Dada akamwambia asubiri kidogo. Hazikupita siku nyingi michirizi ikafutika, vilebu wakabaki kijivu safi; kumbe ndivyo wanavyozaliwa mbwa wa aina hiyo. Ungemsikia baadaye akiwaeleza wateja wangu habari za michirizi, ungedhani ndiye aliyeichora na ndiye aliyeifuta. Kwamba alilia, hakulitaja.

Sasa nifike kwa Asali, maana ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Dada ana watoto watatu. Wavulana wawili wa kwanza wamefanana na baba yao, Mungu awasaidie. Wa tatu ni msichana, na macho yake yalipotulia rangi, yalikuwa ya asali. Jina la utani likawa hilo hilo. Katika koo zetu mbili, kwa wale tunaowajua, hakuna mwenye macho kama yale. Nilikuwepo sebuleni nakunja nepi siku Bwana Nasaba alipombeba mtoto hadi dirishani, akamgeuza huku na huku kwenye mwanga kama mtu anayekagua noti, kisha akamrudisha mikononi mwa mama yake.

“Kuna mtu aliacha geti wazi,” alisema. Halafu akaomba chakula.

Hakumpiga dada wala hakumfukuza. Ada alilipa, sare alinunua, na akahakikisha kila mtu anajua kwamba kalipa na kanunua. Lakini kauli ile hakuiacha. Mtoto akifaulu: “Huyo aliyepita getini alikuwa na akili.” Mtoto akiumwa: “Kwetu hakuna ugonjwa huo, kaulizeni getini.” Mwanzoni dada aliapa, akalia, akaita ndugu wa pande zote mbili waje wasuluhishe. Mwishowe akanyamaza, na mumewe akauchukua ukimya ule kuwa ni kukiri.

Na mtoto mwenyewe! Ana masikio ya baba yake, yale yaliyosimama kama vipini vya sufuria. Ana kidole kidogo cha mguu kilichompanda mwenzake, kama cha baba yake. Hawezi kusema neno la maana kabla hajakohoa kidogo, kama baba yake. Mtu aliyekula mshahara maisha yake yote kwa kupima viwanja hadi sentimita ya mwisho hakuyaona hayo. Aliona macho tu. Halafu uzeeni akaagiza mbwa wenye macho yale yale na kuwasifu kwa kila mpita njia: “Hebu tazama kaharabu hiyo!” Mara ya kwanza nilipomsikia, nilimvuta mteja nywele mpaka akapiga yowe.

Mwaka huu Asali alipata mchumba, fundi wa lifti, kijana mtulivu asiye na makuu. Asali akaja kumwomba baba yake jambo moja: siku ya harusi amshike mkono, aingie naye ukumbini. Bwana Nasaba alikuwa anampiga Jenerali brashi na hakuinua kichwa.

“Mwombe mwenye macho yako,” alisema.

Asali alivuka barabara akaja kukaa kwenye kiti cha mwisho saluni kwangu. Hakulia. Alichukua fungu la nywele za bandia akawa anazichambua, uzi mmoja mmoja, mpaka nikafunga.

Kesho yake dada akanifuata. “Ukumbi na chakula tutajitegemea,” aliniambia. “Mimi nataka kitu kimoja. Aseme kwa mdomo wake, kabla ya harusi, kwamba Asali ni mwanawe. Mara moja tu. Akisema, yote niliyomezeshwa nitayasahau. Nimechoka, mdogo wangu.”

“Na asiposema?”

Akapandisha mabega, akarudi kwenye ndoo zake.

Wakati huo huo Malkia alikuwa na vilebu. Wote kijivu, wote wana afya, michirizi ilikuja ikaenda zake. Lakini walipoanza kukimbiakimbia uani, mmoja wao akaanza kuota mambo: mashada nyuma ya masikio, mawimbi kifuani, mkia umejaa kama brashi ya kufutia vumbi. Nywele ndefu, laini, za kijivu kile kile. Mimi ni msusi, niliziona nikazitamani.

Bwana Nasaba aliziona akapandwa na mashetani. Alisimama katikati ya ua amemning'iniza kilebu kwa ngozi ya shingo, na mtaa mzima ukamsikia.

“Umeacha geti wazi!”

Dada alikuwa na ndoo mkononi. “Sijaacha geti wazi.”

“Jenerali nywele fupi, Malkia nywele fupi! Fupi kwa fupi huzaa fupi! Hizi zimetoka wapi, zimedondoka?” Akanyoosha kidole kuvuka barabara, moja kwa moja kwa mbwa wa fundi baiskeli, mbwa mweusi mwenye manyoya tele ambaye hulala mlangoni pangu. “Ni lile zulia pale! Nilikwenda kupima macho, nikakuachia nyumba, ukaacha geti wazi. Wewe hujui kulinda geti. Hukuwahi kujua!”

Maneno ya mwisho hayakuwa ya mbwa, na kila aliyekuwa barabarani alielewa. Fundi baiskeli aliinamia gurudumu lake kana kwamba ameona pancha. Asali alikuwa ameingia na vitambaa vya kuchagulia rangi ya harusi. Aliviweka juu ya ukingo wa kibaraza, akatoka bila kuaga.

Kuhusu lile zulia, ni zee, halioni vizuri, na kutoka mlangoni kwangu hadi kwenye kivuli cha ukuta hupumzika njiani. Eti hilo ndilo lililoingia, likamtongoza Malkia, likatoka bila mtu kuliona! Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, kisha nikamtazama dada pale uani, kicheko kikaniganda.

Bwana Nasaba akamwita daktari wa mifugo aje amchome kilebu yule sindano ya kufa, aibu izikwe mapema. Daktari ni mama mnene asiye na haraka na mtu. Alimaliza kwanza chai aliyopewa, ndipo akamweka kilebu mapajani juani na kumpapasa.

“Mzee, huyu ana rangi gani?”

“Kijivu. Lakini nywele...”

“Nywele tutazifikia. Wewe si ndiye unayefundisha watu kwamba kijivu hiki lazima kitoke pande zote mbili? Na yule mbwa wa ng'ambo ni mweusi, tena weusi si unasema una nguvu, ukiingia unatokeza? Basi kama yeye ndiye baba, huo weusi umekwenda wapi?”

Sijui kama umewahi kumwona mtu anakabwa koo na somo lake mwenyewe. Mimi nimemwona, nikiwa nimeegemea nguzo ya geti lake, na sikujificha kufurahi.

Daktari akatoa vijiti vyenye pamba, akavipitisha ndani ya mashavu ya Jenerali, ya Malkia na ya kilebu. “Maabara itasema,” alisema. “Kuua hakuna foleni, tunaweza kusubiri.”

Kipindi chote cha kusubiri Bwana Nasaba hakumsemesha mkewe. Malkia naye alinuniwa. Alinyimwa matembezi ya jioni, akahamishiwa kona ya banda isiyo na godoro, na kila alipomwegemea bwana wake kwa kichwa, bwana aliuondoa mguu. Dada ndiye aliyempelekea gunia alalie. Niliwaona wamekaa pamoja kando ya banda, jike na mke, wote wawili wametuhumiwa kwa kosa moja, na mmoja wao hakujua hata anatuhumiwa nini.

Majibu yalikuja Jumamosi, tukiwa sebuleni kwao tunakunja kadi za harusi, mimi, dada na Asali, chini ya picha za babu wa Malkia. Bwana Nasaba aliiweka simu mezani na kufungua spika, maana hata habari mbaya yeye hutaka zisikiwe na hadhira.

“Kilebu ni wa Jenerali na Malkia, hakuna shaka,” sauti ya daktari ilisema. “Wazazi wote wawili wamebeba nywele ndefu ndani yao, ila hazionekani. Kwenye nywele, mzee, ufupi ndio wenye nguvu, unaufunika urefu. Baba akitoa kile alichoficha, na mama akitoa alichoficha, anazaliwa mtoto kama huyu. Si kama kijivu chako. Kijivu hakina cha kuficha, ufupi unacho. Hakuna aliyeacha geti wazi.”

Bwana Nasaba aliruka kutoka kitini. Ungedhani kashinda bahati nasibu.

“Mmesikia? Mmesikia nyinyi?” Akaanza kutembea huku na huku, mikono nyuma, somo limempanda. “Kitu kinaweza kukaa kwenye damu vizazi na vizazi. Kwa baba kipo, kwa mama kipo, na hakuna anayejua! Ni kama mtu aliyevaa koti juu ya shati jekundu. Wewe unaona koti tu. Sasa wakakutana wawili wa namna hiyo, anazaliwa mtoto na shati lake jekundu waziwazi, na wajinga wanaanza kusema mama yake katoka nje!” Akacheka kwa sauti. “Wajinga!”

Asali alikuwa ameacha kukunja. Alimwinulia baba yake macho yale ya asali, akamtazama usoni bila kupepesa. Dada aliweka mikono mapajani akakaa wima, kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake. Nikasema moyoni, sasa amefika. Hata punda, ukimleta mpaka hapa, atafika.

Bwana Nasaba alipita katikati ya magoti yetu, akatoka nje hadi uani. Magoti yake, ambayo kwa madai yake hayakunjiki tena hata kuokota kijiko, yakakunjika. Alimkumbatia Malkia shingoni.

“Nisamehe, mama,” alimwambia mbwa. “Nilikushuku bure. Nisamehe sana.” Alikuwa analia. Kisha akamnyanyua kilebu wa nywele ndefu, akambusu kwenye paji la uso. “Mwanangu huyu. Huyu ni wetu jamani, damu yetu kabisa.”

Dada alimfuata hadi mlangoni, nami nyuma yake.

“Baba watoto.”

“Naam.”

“Na mimi?”

“Wewe na nini?”

“Mimi na Asali.”

Akamgeukia, kilebu kifuani, uso umekunjamana kwa usumbufu. “Aa, mama watoto, usichanganye mambo. Haya ni mambo ya kitaalamu. Ya mbwa.”

Mjinga namwelewa, hajui, na asichojua hawezi kukitumia. Huyu alijua. Alikieleza kitu kile mbele ya binti yake, akakitolea mfano, na mfano wenyewe ulikuwa mzuri. Kisha akaenda kumwomba mbwa msamaha ambao mkewe aliusubiri tangu Asali yuko kwenye nepi. Sina neno la kumwita. Nimelitafuta, na kila ninalolipata lina heshima kupita yeye.

Nyuma yetu Asali alikohoa kidogo, kikohozi kile kile cha baba yake. “Mama,” alisema, “twende.”

Dada hakulia. Alivua aproni akaitundika kwenye msumari wa mlango wa banda, akaingia ndani ya nyumba, akatoka na mkoba wake na zile kadi. Alimpita mumewe pale alipopiga magoti, naye akasogeza mguu kidogo kumpisha, bila kutazama. Dada akavuta komeo, tukatoka sote watatu. Mkono wangu ukarudi kulivuta geti kwa mazoea. Akaushika.

“Liache.”

Tulikuwa tumefika mlangoni pa saluni Malkia alipotupita kama mshale, Jenerali nyuma yake, na nyuma kabisa kilebu wa nywele ndefu anajikwaa kwa furaha. Lile zulia la fundi baiskeli lilinyanyua kichwa likakirudisha chini. Bwana Nasaba akachomoka na mnyororo mkononi, magoti yana vumbi, akatazama kushoto, akatazama kulia. Akamwona mkewe amesimama na mkoba. Hakumuuliza anakwenda wapi.

“Nani kaacha geti wazi?” alipiga kelele.

Dada aligeuka akamtazama vizuri. Swali hilo alikuwa amelijibu kwa kiapo, kisha kwa machozi, kisha kwa kunyamaza.

“Mimi,” alisema. “Safari hii ni mimi.”